Anayekata Muziki wa Asubuhi

4 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba kabla hujaniamkia, maana najua utachelewa kujibu. Hapa tumeamka salama. Paa la karakana limezibwa, paka amehamia kwa jirani yangu fundi cherehani, na mguu wa kushoto unaniuma pale tu ninapotaka kwenda mahali. Mwambie mama yako sweta imefika. Mikono yake ni mirefu kama ya mtu mwingine. Nadhani dada yangu alinipima kwa kumbukumbu. Kazi ipo. Wiki iliyopita nilirekebisha sauti za piano ya chuo cha walimu, ambamo panya walikuwa wanaishi kwa raha kuliko ninavyoishi mimi kwangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wewe uko hapo redioni, hata kama ni kwenye chumba cha santuri tu. Hebu niambie: ni nani aliyewakabidhi kipindi cha asubuhi watu wasiopenda muziki?

Unajua nafungua karakana saa kumi na mbili na nusu. Miaka thelathini nimebandika sufi kwenye nyundo za piano huku nikisikiliza stesheni yenu. Nilikuwa nasikia simfoni nzima kabla ya chai, sehemu zote nne, na mtangazaji alitaja jina la mtunzi kisha akanyamaza kama mtu aliyelelewa. Tangu Januari tunaye huyu tuliyembatiza Kicheko. Anacheka akisoma saa. Anacheka akisoma hali ya hewa. Jana alipiga dakika nne za kwarteti, ala nne za nyuzi, akaikata, akatuuliza muziki ule ulikuwa wa rangi gani. Mama mmoja akapiga simu akasema zambarau. Wakampongeza.

Halafu anatuambia muziki huu ni wa "kututuliza." Mimi nimetoka kulala. Nimeshatulia saa nane nzima. Asubuhi nataka kuamshwa.

Nijibu.

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, ulivyotabiri. Mama anakusalimu na anasema mikono ya sweta hukunjwa. Goti lake limevimba tena. Daktari amemkataza ngazi, naye anazipanda kila siku akihesabu kwa sauti, ili tujue amezipanda. Mimi mzima. Tumehamia ghorofa ya kwanza kwa ajili yake, mtaa uleule.

Kuhusu kipindi, nimecheka, hasa hapo kwa mama wa zambarau. Lakini fikiria na upande mwingine, Mjomba. Saa moja asubuhi watu wengi wako kwenye foleni, wanavalisha watoto, wanatafuta kiatu cha pili. Hawana dakika arobaini za kukaa na simfoni. Anayepanga huenda anaona heri wapate kipande kuliko wasipate kitu. Sisemi ni sawa. Nasema huenda ana sababu.

Huku chumba cha santuri kazi ni nyingi. Nikipata nafasi nitaandika kwa kirefu.

Mpwa wako


11 Aprili

Mpwa wangu,

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta ulipo, sikukuona. Imeandikwa kama tangazo la ofisini. Mtoto niliyemkalisha chini ya piano akiwa na miaka sita ili asikie mbao zikinguruma, leo ananiambia habari za kiatu cha pili.

Pole kwa goti la dada yangu. Mwambie asipande ngazi. Najua atapanda.

Nimeanza daftari. Ile sonata ya filimbi na kinubi imepigwa mara kumi na moja kati ya tarehe mosi na leo, kila mara sehemu ya pili peke yake, kama mtu anayekupa tumbo la samaki kila siku na kukwambia kichwa kina miba. Juzi Kicheko aliita wimbo wa maombolezo "kipande kitamu cha kupigia pasi." Fundi cherehani alikuwa anapiga pasi wakati huo. Aliiweka chini, akatukana tusi ambalo sijalisikia tangu jeshini.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili. Kicheko ni mpumbavu, na mpumbavu nampuuza. Yupo mwingine nyuma yake, anayekata. Huyo nimemsikiliza kwa makini, na huyo si mpumbavu hata kidogo. Angekuwa mpumbavu angekata katikati ya sentensi. Yeye anakata pale wimbo unapovuta pumzi, mahali ambapo masikio ya kawaida hayasikii kisu kimepita. Ni mtu anayeujua muziki vizuri sana. Ndiyo maana namdharau kuliko Kicheko. Kicheko anaharibu asichokijua. Huyu anaharibu anachokijua, na anakiharibu kwa ustadi.

Niulizie ni nani.

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama alilazwa siku tano kwa ajili ya lile goti, ndiyo maana sikuandika. Sasa yuko nyumbani, anatuamrisha sote kutoka kwenye kiti. Hakutaka ujulishwe mapema kwa sababu ungekuja kugombana na madaktari.

Ulichouliza siwezi kukijibu. Ni mambo ya ofisi.

Mama amesema fundi cherehani alimpigia simu kumsalimu, akamweleza kwamba mnaandaa barua ya malalamiko kwa bodi. Nakuomba kitu kimoja. Andikeni mnavyotaka kuhusu Kicheko na mambo ya rangi. Lakini wewe usitie sahihi. Mama pia anakuomba. Usiniulize sababu.

Mpwa wako


9 Juni

Mpwa wangu,

Namshukuru Mungu kwa goti. Mwambie dada yangu nimekasirika kwa kufichwa. Halafu mwambie nimeshaacha kukasirika, lakini hili la pili mpe baada ya siku mbili.

Ombi lako limechelewa. Barua imeondoka tarehe 28 Mei, nakala moja kwa bodi, nyingine kwa gazeti. Sahihi sitini na tatu. Sikujua mji huu una watu sitini na tatu wanaoamka na muziki huu. Walikuja dukani kwa fundi cherehani mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuungama: mwalimu mkuu mstaafu, muuguzi wa zamu, mwanamke anayeuza vioo, dereva wa lori la maziwa ambaye alisema huwa anaegesha pembeni ya barabara sehemu ya polepole ikianza, ili asikose hata noti. Mtu wa namna hiyo ndiye wanayemwambia hana muda.

Walinipa niandike mimi. Ya kwanza ni sahihi yangu. Kuhusu Kicheko nimetumia mistari miwili. Hakustahili wa tatu. Iliyobaki ni ya yule mkataji. Nimeomba aondolewe.

Unasema nisikuulize sababu. Sawa, sikuulizi. Lakini tangu lini umeanza kuwaogopa wakubwa wako hata sahihi ya mzee wa karakana ikunyime usingizi?

Mjomba wako


20 Julai

Mjomba,

Mama yuko vizuri. Anatembea na fimbo na anaichukia.

Ni mimi.

Mimi si mtu wa chumba cha santuri tena tangu Januari. Mimi ndiye mpangaji wa kipindi cha asubuhi. Mama alijua, nikamwomba asikwambie. Nilitaka kukwambia mwenyewe siku nitakayokuwa nimepata kitu cha kujivunia. Siku hiyo haikufika, ikafika barua yako ya Machi.

Mkurugenzi aliponipa kazi ile, aliniambia asubuhi anataka maneno, na muziki wa dakika moja na nusu kati ya maneno na maneno. Tulivutana wiki tatu. Nikapata dakika nne, mara nyingine tano, kwa sharti kwamba nikate mimi mwenyewe na msikilizaji asishtuke. Nilikubali kwa sababu nisingekata mimi angekata kijana wa matangazo ya sabuni, ambaye anapima muziki kwa saa ya ukutani. Nilikuwa nakaa na vipokea sauti masikioni, kipande kimoja saa nzima, nikitafuta mahali ambapo hakitaumia sana. Wewe ndiye uliyenifundisha pale wimbo unapovuta pumzi. Nilikuwa na miaka tisa, uliniwekea kidole changu juu ya waya.

Ile barua yako ya Aprili niliisomea chooni, ofisini, mlango nimeufunga.

Barua ya bodi ilifika wiki ya pili ya Juni. Mkurugenzi aliniita, akaisoma kwa sauti mbele ya mhasibu na Kicheko. Aliisoma vizuri, lazima nikiri. Alipofika hapa alisimama akairudia: "Tunaomba mpangaji wa kipindi hiki aondolewe, kwa kuwa amethibitisha kwamba anaujua muziki na anaudharau." Kicheko hakucheka. Alitazama viatu vyake. Mkurugenzi akaniuliza maswali mawili matatu, nikajibu.

Alikuwa anatafuta namna ya kunitoa tangu Februari, kwa sababu ya zile dakika nne. Mmempa sahihi sitini na tatu. Aliniandikia kwamba stesheni inawasikiliza wasikilizaji wake. Nimetoka tarehe 30 Juni.

Sikuandiki ili uombe radhi. Ulichoandika ni kweli. Nilikuwa nakata.

Mpwa wako


3 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu kwa dada yangu na kwa fimbo yake. Huku mvua zimeanza mapema na mbao zimevimba. Piano zote za mji zimepotoka sauti kwa pamoja.

Nimeandika barua nne kabla ya hii nikazichana. Moja ilikuwa ya kukukemea kwa kunificha. Ilikuwa nzuri, yenye hoja, nikaichana ya kwanza. Nyingine zilikuwa za kuomba radhi, na kila moja ilipofika katikati ilianza kueleza kwa nini sikukosea. Mimi ni mtu wa kudharauliwa, naona. Nina masikio ya kumtambua mtu kwa namna anavyokata wimbo, lakini si ya kutambua ni nani. Nilikulea kwenye sauti, nikaisikia sauti yako kila asubuhi kwa miezi mitano, nikaitukana.

Tarehe 12 Agosti nilikuja huko mjini. Nilikwenda kwenye ofisi ya bodi. Nilivaa koti la harusi. Nilikaa kwenye benchi la mbao kutoka saa tatu hadi saa sita, chini ya picha za wakurugenzi waliopita, wote wamekaa kama watu wanaosubiri kupigiwa makofi. Mwishowe katibu wa bodi akanipokea, kijana mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Nikamwambia nimekuja kufuta sahihi yangu.

Akatoa barua kwenye faili akaiweka mezani. Akaniuliza, "Mzee, ulichoandika hapa si kweli?"

Nikasema ni kweli, kila neno.

"Basi unafuta nini?"

Nikamwambia mpangaji mliyemfukuza ni mtoto wa dada yangu, na kwamba ndiye peke yake katika jengo lenu aliyekuwa anaupenda muziki. Akageuza kurasa za faili taratibu, akaniambia kwa adabu kwamba kwenye kumbukumbu za kikao mpangaji aliulizwa kama anamjua mwandishi wa barua hii. Alijibu hamjui.

Nikachukua kofia yangu. Katibu alinisindikiza hadi mlangoni, akanishika kiwiko, kana kwamba ningeanguka. Nilitamani kumpiga.

Kutoka pale mpaka kwenu ni mitaa miwili. Nilipanda basi la saa nane nikarudi.

Mjomba wako


1 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameisoma barua yako kabla yangu, kwa sababu ndiye anayekaa karibu na mlango. Amelia, kisha amekuita jina ambalo anasema alikuita mkiwa wadogo. Sitaliandika.

Ndiyo, nilisema sikujui. Nilijua ukilisikia litakuuma, ndiyo maana sikuliandika Julai. Ningesema nakujua, yule mkurugenzi angepita nalo kwenye kila kikao: hata mjomba wake hamtaki. Sikutaka uwe kichekesho chao. Au sikutaka mimi niwe. Nimejiuliza sana ni lipi, na jibu linabadilika kulingana na siku.

Lakini nikukasirikie na mimi kidogo, maana zamu yangu haijafika bado. Barua yako ya bodi ilikuwa haki yako. Kunidharau bila kunijua, hata hilo naweza kulielewa. Ila ulivaa koti la harusi, ukapanda basi alfajiri, ukakaa kwenye benchi la watu wale wasiojua tofauti ya sonata na sabuni, ukawa mitaa miwili kutoka mlangoni kwetu, na hukuja. Mama angekufungulia kwa fimbo. Mimi siku ile nilikuwa nyumbani. Nilikuwa nafua mapazia kwa sababu sikuwa na kazi nyingine. Kwa katibu wa bodi ulipata nguvu ya kwenda. Kwangu hukupata.

Sasa nafundisha muziki kwenye shule moja ya sekondari, vipindi vinne kwa wiki. Wanafunzi hawapendi. Wiki iliyopita niliwawekea kwarteti nzima, sehemu zote, bila kusema neno. Kufika sehemu ya tatu nusu yao walikuwa wamelala. Msichana mmoja wa nyuma aliniuliza kwa nini niliwasimamisha kabla ya mwisho. Kumbe kengele ilikuwa imelia, nami nikakata bila kujitambua. Nikawarudishia kuanzia pale pale, na tulichelewa kutoka, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa anasubiri darasa amenishtaki.

Sisikilizi redio asubuhi. Usiniambie wanapiga nini.

Mpwa wako


14 Novemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeniambia nisikwambie wanapiga nini, na nilikusudia kutii. Lakini sasa si suala la kupiga. Hawapigi. Ni dakika moja na nusu, kama alivyotaka yule bwana, na hukatwa popote kisu kinapoangukia. Juzi walikata mwimbaji akiwa amefungua mdomo. Baada yake tangazo la godoro. Kicheko hayupo tena. Nimesikia aliacha mwenyewe, na namwazia vizuri kidogo kuliko zamani. Waliopo sasa ni wawili, wanaulizana maswali na kujibizana wenyewe. Nimejifunza kusikia zile dakika zako nne. Nilikuwa naziona kama umaskini.

Kazi haipo, nikwambie ukweli. Imekuwa haipo tangu mwaka juzi. Piano ya chuo cha walimu ndiyo ya mwisho kuirekebisha, na niliwafuata mimi, hawakuniita. Mtu akikosa kitu cha kufanya asubuhi, hupata muda mwingi wa kuchukia anachosikia. Sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu ulinikasirikia kwa haki, na mtu aliyekukasirikia kwa haki huambiwa habari zote.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 22, basi la asubuhi. Sitakuwa na shughuli nyingine yoyote hapo mjini. Mwambie dada yangu aweke fimbo mbali.

Jana fundi cherehani alikuja karakana na karatasi. Wameandika barua mpya kwa bodi, kali kuliko yangu. Wamemtafuta mpangaji wa sasa hadi wamejua ni kijana, ametoka idara ya matangazo, hajui chochote, na wanaomba aondolewe kabla ya mwisho wa mwaka. Sahihi themanini tayari. Nafasi ya kwanza, pale juu, wameiacha wazi kwa heshima yangu. Fundi akanipa kalamu.

Niliisoma yote. Hakuna neno la uongo ndani yake. Nikamuuliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Akacheka, akidhani natania. Alipoona sicheki, akasema hajui, na kwani ina maana gani. Nikamrudishia kalamu yake. Akakunja karatasi akaenda zake, na hakuniaga.

Kipindi ni kibovu, mpwa wangu. Ni kibovu kupita maelezo.

Sikusaini.

Mjomba wako